Chicago ya Al Capone: Mbogi, keroro na daftari lililomwangusha mdosi

Ukiskia jina Scarface, nani anakujia kwa akili? Wengi wetu ni Tony Montana, yule Al Pacino wa filamu ya 1983 mwenye mlima wa unga mezani. Sasa Tony ni mtu wa kutungwa. Jina lenyewe liliazimwa kutoka kwa msee wa ukweli, Alphonse Capone, mzaliwa wa Brooklyn, New York. Akiwa kijana anafanya kazi kwa baa moja huko, alimtupia dem maneno yasiyofaa mbele ya kaka yake. Kaka akatoa kisu, na Capone akabaki na makovu kwa shavu maisha yake yote. Hilo jina alilichukia, kwa hivyo mbele yake hungelitaja.

Stori ya Capone na mbogi za Chicago umeiona kwa filamu, umeiskia kwa ngoma za rap, labda hata umeivaa kwa tisheti. Kuna kitu kimoja lakini ambacho filamu hupita haraka sana. Watu waliuawa barabarani, mchana, mbele ya kanisa, mbele ya stesheni ya treni, na karibu kila mara hakuna mtu alifungwa. Kesi iliyomweka mdosi ndani ilikuwa ya ushuru. Na ushahidi wake mkubwa ulikuwa mikononi mwa serikali miaka mitano kabla ya kesi, umekaa tu ndani ya kabati unakula vumbi.

Tuanze mwanzo.

Sheria ilikataza kuuza, haikukataza kiu

Januari 1919, majimbo ya kutosha ya Marekani yaliidhinisha Mabadiliko ya 18 ya Katiba. Oktoba mwaka huo Bunge likapitisha sheria ya kuyatekeleza, ile inayoitwa Volstead, hata baada ya Rais Woodrow Wilson kuikataa. Ilianza kazi 17 Januari 1920. Kutengeneza, kuuza au kusafirisha kinywaji chochote chenye kileo zaidi ya nusu asilimia kukawa kosa.

Waliopigania hiyo sheria hawakuwa wajinga. Kwa miaka mingi walikuwa wameona wanaume wakimaliza mshahara wote kwa baa na watoto wakilala njaa. Shida ilikuwa vile sheria yenyewe ilivyoandikwa. Kunywa hakukuwa kosa. Pombe uliyonunua kabla ya hiyo tarehe ungekaa nayo kejani na unywe taratibu. Daktari angeweza kukuandikia wiski kama dawa na ukaenda kuichukua kwa famasi. Makanisa na masinagogi waliruhusiwa divai ya ibada. Viwanda viliendelea kutumia spiriti. Yaani wanunuzi waliachwa wote pale pale, kisha wauzaji halali wakafagiliwa njiani. Nani angeingia hapo katikati?

Cheki hii pia: siku sheria ilipoanza kazi, Capone alikuwa anatimiza miaka 21. Alizaliwa 17 Januari 1899.

Mdosi asiyekunywa

Kabla ya Capone kulikuwa na Jim Colosimo, mwenye mkahawa wa kifahari South Wabash na madanguro kadhaa. Alikuwa ameshaomoka na inaaminika hakutaka kujichosha na hii maneno ya pombe. Tarehe 11 Mei 1920 alipigwa risasi ndani ya mkahawa wake mwenyewe. Hakuna aliyewahi kupatikana na hatia. Mshirika wake Johnny Torrio akachukua usukani.

Torrio ndiye unafaa kumwelewa kabla ya mwingine yeyote. Alikuwa mfupi, mpole, hakunywa, hakuvuta, na jioni alirudi kwa bibi yake kama karani yeyote. Lakini ndiye aliyeona kwamba hii kitu inaweza kuendeshwa kama kampuni. Wazo lake lilikuwa rahisi: Chicago igawanywe, kila genge lipewe eneo lake, hakuna mtu kuuza kwa mwingine, kila mtu alambe asali. Viwanda vya bia vilikuwa na leseni ya kutengeneza bia isiyo na kileo. Sasa njia ya kuitengeneza ilikuwa unapika bia ya kawaida kisha unatoa kileo. Unaona mlango ulikuwa wapi? Walipika ile ya kwanza na wakasahau hatua ya pili.

Torrio alimleta Capone kutoka New York kama kijana wa mkono. Capone alikuwa na sauti kubwa, suti za rangi, na kadi ya biashara iliyomtaja kama muuzaji wa fanicha kuukuu.

Upande wa Taylor Street, mtaa wa Waitaliano, ndugu wa familia ya Genna walikuwa na mtindo wao. Walikuwa na leseni ya spiriti ya viwandani, lakini hiyo haikutosha. Basi wakaweka mitambo ya kukeneka pombe ndani ya nyumba za watu. Familia ya wahamiaji ililipwa dola 15 kwa siku kuchochea moto na kuangalia mtungi. Kwa mtu aliyetoka kijijini Sicily na anabeba mizigo kutwa, hiyo ilikuwa doo ya kubadilisha maisha. Mitungi ililipuka pia, na kinywaji kilichotoka hapo kilikuwa hatari. Mteja hakujua anakunywa nini. Ukishapitia stori za chang'aa iliyotiwa vitu, hapa huhitaji kuelezwa sana.

Na serikali yenyewe haikuwa safi kwa hii mambo. Spiriti ya viwandani ilitiwa sumu kwa amri ya sheria ili isinyweke, na ilipoonekana bado inaibwa na kunyweka, mwaka 1927 kiwango cha methanoli kikaongezwa. Wezi waliendelea kuiba. Waliopofuka na kufa walikuwa wanunuzi wa mwisho, hasa wale wa mfuko mwembamba. Tajiri alikunywa wiski ya Canada.

Karao alikuwa kwa orodha ya mshahara

Usidhani hizi mbogi zilikuwa zinajificha. Lori la bia lilipita barabarani mchana. Akina Genna walikuwa na foleni ya maafisa wa polisi waliokuja kuchukua mgao wao kila mwezi. Wanasiasa wa wadi walipata kura na pesa za kampeni. Hakimu fulani alipata chai yake. Mwenye baa alipata amani, mradi anunue bia ya genge la eneo hilo na si ya lile lingine. Akikataa, mlango wake ulilipuliwa usiku.

Meya William Thompson, maarufu kama Big Bill, alikuwa hana shida na haya yote. Mwaka 1923 watu wa Chicago walichoka, wakamchagua William Dever, jaji aliyeamini sheria ni sheria. Dever aliwasha moto kweli kweli. Lakini unajua genge likibanwa mjini hufanya nini? Linahama hatua chache. Torrio na Capone walivuka mpaka wa jiji wakaenda Cicero, mji mdogo wa wafanyakazi wa viwanda magharibi ya Chicago.

Uchaguzi wa Cicero wa 1 Aprili 1924 uliendeshwa na vijana wenye bunduki. Wapiga kura walitishwa kwenye vituo, maafisa wa uchaguzi wakatekwa. Jaji mmoja akaapisha polisi wa Chicago kama askari wa dharura na kuwatuma huko. Kwa ule mvurugano, polisi walimpiga risasi Frank, kaka yake Al Capone, akafa papo hapo. Mgombea wa Capone alishinda hata hivyo. Cicero ikawa base.

Duka la maua mbele ya kanisa

North Side ilikuwa ya Dean O'Banion. Alikuwa na duka la maua State Street, mkabala na Kanisa Kuu la Holy Name. Na si duka la kuzuga tu, alipenda maua kwa ukweli, na akiwa na apuroni angekufungia shada zuri. Pia aliiba malori ya pombe na kuua watu.

O'Banion hakuheshimu mipaka ya Torrio. Mei 1924 alimwambia Torrio ameamua kustaafu, na akamuuzia hisa zake za kiwanda cha bia cha Sieben kwa dola 500,000. Kumbe alikuwa ameshapata fununu kwamba polisi watavamia hapo. Torrio akashikwa ndani ya kiwanda alichokuwa amekinunua juzi. O'Banion alicheka mtaa mzima.

Kilichomlinda kwa miezi kadhaa ni mzee mmoja, Mike Merlo, kiongozi wa chama cha Wasicilia aliyekuwa anakataza vita. Merlo alikufa kwa saratani 8 Novemba 1924. Maagizo ya maua ya mazishi yakamiminika kwa duka la O'Banion. Siku mbili baadaye wanaume watatu waliingia kama wateja. Mmoja alimpa mkono, akaushika kwa nguvu, hakuuachilia. Wale wawili wakafyatua. Alianguka katikati ya maua ya maiti mwingine.

Mazishi yake yalifurika maelfu ya watu. Kesi haikuwa.

Hapo ndipo vita vilianza kwa ukweli. Januari 1925, vijana wa O'Banion walimngoja Torrio nje ya nyumba yake na kummiminia risasi. Hakufa. Alipotoka hospitali alitumikia kifungo chake cha ile kesi ya kiwanda, akamkabidhi Capone biashara yote, akaenda Italia. Kwa maoni yangu huyo ndiye mtu pekee mwerevu kwa hii stori. Capone alikuwa na miaka 26.

Mwaka huo huo akina Genna walimalizwa kama sinema. Angelo aliuawa Mei, Mike akapigwa risasi na polisi Juni, Tony akauawa Julai. Waliobaki wakahepa.

Septemba 1925 pia ndipo silaha mpya ilisikika South Side: Thompson, bunduki ya rashasha iliyobuniwa kwa ajili ya mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia lakini ikachelewa, vita vikaisha. Inaweza kutema zaidi ya risasi 600 kwa dakika. Frank McErlane aliijaribu kwa adui yake Spike O'Donnell kwenye kona ya barabara na akamkosa. Hiyo ni kawaida ya hiyo bunduki: mlengwa anaweza kupona, kisha dirisha la duka na mpita njia wakalipa. Na wakati huo raia angeinunua bila maswali mengi.

Kiongozi wa mashtaka aliyekufa, na daftari lililobaki

Shika hii tarehe: 27 Aprili 1926. William McSwiggin, msaidizi wa kiongozi wa mashtaka, alikuwa na miaka 26. Usiku huo alikuwa Cicero nje ya baa, pamoja na wauzaji pombe waliokuwa washindani wa Capone. Gari likapita, rashasha ikalia, McSwiggin na wenzake wawili wakafa.

Jiji likauliza swali ambalo hakuna mkubwa aliyetaka kulijibu: mwendesha mashtaka alikuwa anafanya nini hapo na hao watu? Jopo baada ya jopo likakaa kuchunguza. Hakuna aliyeshtakiwa na kufungwa.

Lakini kwa hasira ya siku hizo, polisi walivamia maeneo ya Capone huko Cicero, wakavunja mashine za kamari na kubeba karatasi. Kati ya vitu vilivyobebwa kulikuwa na vitabu vya hesabu vya nyumba moja ya kamari, Hawthorne Smoke Shop. Ndani yake kuna faida ya kila siku, na mgao wa kila mtu kwa vifupisho. Vitabu vikawekwa stoo. Hakuna aliyejua ni nini hasa. Vikae hapo kwanza, tutavirudia.

Septemba 20 mwaka huo, msafara wa magari ya North Side ulipita mbele ya hoteli ya Hawthorne, makao ya Capone Cicero, wakati wa chakula cha mchana. Zaidi ya risasi 1,000 zilimwagwa kwa ile hoteli na maduka ya jirani. Capone alilala sakafuni akapona. Wiki tatu baadaye, 11 Oktoba, kiongozi mpya wa North Side, Hymie Weiss, alikuwa anavuka State Street kuelekea lile duka la maua la marehemu O'Banion. Wauaji walikuwa wamekodi chumba jirani, wanamngoja dirishani. Risasi ziliua Weiss na kuchubua jiwe la msingi la kanisa kuu la Holy Name.

Kura zilipopigwa kwa mabomu

Dever alianguka uchaguzi wa 1927. Big Bill akarudi, na Capone akarudi mjini naye.

Mwaka uliofuata, kura ya mchujo ya 10 Aprili 1928 ilipata jina la utani linalohusu nanasi, kwa sababu guruneti kwa lugha ya mtaa wa Chicago wakati huo iliitwa hivyo. Nyumba za wanasiasa na majaji zililipuliwa kabla ya kura. Siku yenyewe, wakili mweusi aliyeitwa Octavius Granady alikuwa anawania uongozi wa chama katika wadi ya 20 dhidi ya mwanasiasa mkongwe mzungu. Alifyatuliwa risasi, akajaribu kutoroka kwa gari lake, akafukuzwa kwa barabara za wadi yake mwenyewe na kuuawa. Watu walishtakiwa, polisi wakiwemo. Wote walitoka huru.

Utaona filamu kumi kuhusu Capone na zote hazimtaji Granady. Mimi nadhani yeye ndiye anaonyesha vizuri zaidi hii biashara ilikuwa ya nini. Bia ilikuwa njia ya kupata doo. Doo ilinunua kura. Ukipata wadi, umepata karao wa wadi, hakimu wa wadi na leseni za wadi. Mtu aliyejaribu kuchukua hiyo nafasi kwa karatasi za kura, bila bunduki, alikuwa tishio kubwa kuliko genge pinzani.

Valentine ya 1929

Hii unaijua. Asubuhi ya 14 Februari 1929, baridi kali, ndani ya gereji namba 2122 North Clark Street. Wanaume saba wako ndani. Watano ni wa mbogi ya Bugs Moran, aliyerithi North Side. Wa sita ni fundi wa magari, John May, aliyekuwa analipwa kurekebisha malori. Wa saba ni Reinhardt Schwimmer, mtu wa miwani ambaye alipenda tu kukaa na magangsta ajiskie mnoma. Kulikuwa pia na mbwa wa fundi, amefungwa kando.

Gari linalofanana na la polisi likasimama. Wanaume wanne wakaingia, wawili wamevaa sare za karao. Wale saba walidhani ni msako wa kawaida, kitu cha kutoa hongo na kurudi kazini. Wakageuka ukutani na kuinua mikono bila shida. Ndiyo maana wote saba walikufa upande mmoja wa ukuta. Rashasha mbili na shotgani. Wale wa sare wakatoka wakiwa wamewaelekezea wenzao bunduki, kama wamewakamata, majirani wakaona polisi wamefanya kazi yao.

Moran hakuwepo. Inasemekana alichelewa, akaona lile gari na kugeuza njia. Frank Gusenberg, aliyepigwa risasi zaidi ya kumi, aliishi kwa saa kadhaa. Polisi wa ukweli walimuuliza nani aliyekupiga. Alikataa kusema hadi akafa. Mbwa ndiye aliyepiga kelele mpaka watu wakaja.

Capone siku hiyo alikuwa Florida, kwa jumba lake Miami, mbele ya mashahidi wa kuaminika kabisa. Desemba mwaka huo polisi wa Michigan walimtafuta Fred Burke, aliyemuua askari wa trafiki baada ya ajali ndogo, na nyumbani kwake wakapata bunduki mbili za Thompson. Calvin Goddard, mtaalamu wa alama za risasi, alizilinganisha na zile za gereji. Zikalingana. Burke alifungwa maisha Michigan kwa kumuua yule askari. Kwa wale saba wa gereji, hadi leo hakuna mtu aliyewahi kuhukumiwa.

Gazeti nalo halikupona. Tarehe 9 Juni 1930 Jake Lingle, ripota wa Chicago Tribune, aliuawa kwa njia ya chini ya miguu akienda kupanda treni. Jiji likalia: shujaa wa habari ameuawa. Kisha benki zikafunguliwa. Mshahara wake ulikuwa dola 65 kwa wiki, lakini maisha yake yalikuwa ya sonko, na mkanda wake ulikuwa na bakoli ya almasi, zawadi ya Capone. Kwa hii kesi mtu alifungwa, Leo Brothers kutoka St. Louis, miaka 14. Ni moja ya chache sana.

Turudi kwa kabati

Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kitu kilichoonekana kama mzaha: pesa za haramu pia zinatozwa ushuru. Manley Sullivan, muuzaji pombe wa kawaida, alidai akijaza fomu atakuwa anajishtaki. Mahakama ikasema jaza tu.

Rais Herbert Hoover alipoingia ofisini Machi 1929 alitaka Capone ndani. Idara ya ushuru ikamtuma Frank Wilson, mtu wa miwani na sigara asiyekuwa na mbwembwe hata moja. Shida yake ilikuwa hii: Capone hakuwa na akaunti ya benki, hakusaini chochote, hakumiliki chochote kwa jina lake. Walianza na wa karibu yake. Kaka yake Ralph, mtu wake wa hesabu Jake Guzik, na Frank Nitti wote walipata vifungo vya ushuru.

Usiku mmoja Wilson, amechoka, akipekua makabati akakutana na bahasha ya vitabu vya hesabu vya 1924 hadi 1926. Ndiyo, vile vya msako baada ya kifo cha McSwiggin. Vifupisho vya majina vilionyesha mgao wa Al. Kazi ikawa kutafuta aliyeviandika. Maafisa wakalinganisha mwandiko na karatasi za benki hadi wakampata Leslie Shumway, karani wa zamani wa nyumba ile, anafanya kazi Miami kwenye uwanja wa mbio za mbwa. Wakamficha mpaka kesi.

Unauliza Eliot Ness yuko wapi? Yuko, na alifanya kazi. Alivunja viwanda vya bia kwa lori lenye chuma mbele na kuharibu mapato ya Capone. Mashtaka ya pombe aliyoyakusanya yalifika maelfu, ila Capone hakuwahi kusimama kortini kwa hayo. Kitabu kilichomfanya staa kilitoka 1957, mwaka aliokufa. Na kwa filamu ya 1987 anamrusha Nitti kutoka juu ya jengo. Nitti wa ukweli alijiua mwenyewe kando ya reli, 1943.

Capone alikubali makosa kwanza, Juni 1931, akitarajia kifungo chepesi cha mapatano. Jaji James Wilkerson akasema korti yake haifanyi biashara. Capone akabadilisha kauli, na kesi ikaanza 6 Oktoba. Watu wake walikuwa wameshapata orodha ya juri na kuwapelekea hongo. Edward O'Hare, wakili na mshirika wa Capone kwa mbio za mbwa, ndiye aliyewachomea kwa serikali. Wilkerson akangoja hadi asubuhi ya kesi, akabadilishana juri lote na jaji wa chumba kingine. Imagine sura za mawakili!

Mashahidi waliofuata walikuwa watu wa maduka. Mwenye kuuza suti, mwenye kuuza fanicha, mwenye kuuza zile bakoli za almasi ambazo Capone alizinunua 30 kwa ajili ya marafiki. Swali lilikuwa moja tu: mtu asiye na mapato alilipaje? Kukawa na barua ya wakili wake wa awali, aliyejaribu kuelewana na idara ya ushuru na ndani yake akakiri kwamba mteja alikuwa na mapato. Kisha Shumway na daftari. Deni lote la ushuru kwa miaka hiyo lilikuwa dola 215,000 na kidogo.

17 Oktoba 1931 alipatikana na hatia kwa makosa matano. Wiki moja baadaye akapewa miaka 11 na faini ya dola 50,000. Alikaa Atlanta, kisha Alcatraz kuanzia 1934, ambako kaswende aliyokuwa nayo tangu ujana ilimla akili. Alitoka Novemba 1939. Alikufa Florida 25 Januari 1947, akiwa na miaka 48.

Pombe ilirudi kuwa halali 5 Desemba 1933. Mbogi haikufunga. Ilihamia kamari na vyama vya wafanyakazi chini ya Nitti na waliomfuata, na kwa miaka mingi haikupenda tena picha kwa gazeti.

O'Hare aliuawa ndani ya gari lake 8 Novemba 1939, siku chache kabla Capone hajatoka, na muuaji hakupatikana. Mwanawe Edward, aliyeitwa Butch, akawa rubani wa jeshi la majini, akapata nishani ya juu zaidi ya nchi kwa vita vya Pasifiki na akafa 1943. Uwanja wa ndege mkubwa wa Chicago, ule wenye alama ORD kwa tiketi, umepewa jina lake. Ile gereji ya Clark Street ilibomolewa 1967, na mfanyabiashara mmoja wa Canada akanunua matofali ya ukuta. Mengi sasa yako kwenye jumba la makumbusho la mafia huko Las Vegas. Pale gereji ilipokuwa, ukipita leo, utaona nyasi na miti michache nyuma ya ua, na hakuna kibao.